Breki Ikishika: Maneno ya Hitilafu za Breki Ndege Inapotambaa

Si muda mrefu uliopita kililetwa mezani petu kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kilichofasiriwa kwa ajili ya watumishi wa maegesho ya ndege: waelekezaji, madereva wa matrekta ya kukokota, wapakiaji wa mizigo na askari wa zimamoto. Tuliombwa tukihakiki kabla hakijapigwa chapa. Mfasiri alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, na katika kurasa sita za mwanzo kalamu yetu haikuwa na la kufanya. Katika ukurasa wa saba tulikuta maneno haya: “Breki ikishika wakati ndege inatambaa, rubani ataarifu mnara. Endapo magurudumu yana moto, watumishi wote wakae kando ya magurudumu mpaka yapoe.”

Sarufi ya sentensi hizo haina dosari, na mwalimu wa sekondari angezipita bila kutia alama nyekundu. Lakini mtumishi akizitii kama zilivyoandikwa, yaweza kutokea asimame mahali pale pale ambapo gurudumu likipasuka litamuua. Kosa hilo halikutokana na uzembe. Lilitokana na maneno matatu ya kila siku, yaani shika, moto na kando, ambayo sote huyatumia bila kufikiri, na ambayo kila moja hubeba maana mbili zisizopatana. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno hayo pamoja na kazi yanamotumika, kwa kuwa uzoefu umetuonyesha kwamba istilahi ya ufundi haitungiki vyema na mtu asiyejua kifaa kinavyofanya kazi.

Huenda msomaji akauliza: kwani marubani na waongoza ndege hawazungumzi Kiingereza? Ni kweli, mazungumzo yao ya redio hufanywa kwa Kiingereza, na hatuna nia ya kuyagusa. Lakini Kiingereza hicho hukoma kwenye redio. Chini ya ndege, dereva wa trekta na mwenziwe husemezana kwa Kiswahili. Mkuu wa zamu wa zimamoto huwaamrisha askari wake kwa Kiswahili. Mhudumu wa ndani huwatuliza abiria kwa Kiswahili, na likitokea la kutokea, mwandishi wa habari na mbunge wataliandika na kulisema kwa Kiswahili. Kila mmoja wao hufasiri kichwani mwake, kwa haraka, wala hana kamusi mkononi.

Tuanze na neno ambalo mfasiri wetu alilitumia sawasawa, kutambaa. Maana ya dhana hii katika kanuni za kimataifa za usafiri wa anga ni mwendo wa ndege juu ya ardhi ya kiwanja kwa nguvu yake yenyewe, isipokuwa mwendo wa kuruka na wa kutua. Maneno “kwa nguvu yake yenyewe” ndiyo yenye uzito. Ndege inayovutwa na trekta haitambai, inakokotwa; na ile inayoondolewa kinyumenyume kwenye jengo la abiria haitambai, inasukumwa. Baadhi ya watu wa viwanjani husema “kuteksi”, neno ambalo kwa abiria wa kawaida humaanisha gari la kukodi. Wengine wamependekeza “kuserereka”. Pendekezo hilo tulilikataa bila kusita, maana kuserereka ndiko hasa ndege inakofanya breki zinapokosa kushika kwenye lami iliyolowa, na si busara kuupa mwendo salama jina la ajali yake. Njia ambamo ndege hutambaa huitwa kiungio katika hati zetu za serikali, kwa kuwa huunga maegesho na barabara ya kuruka na kutua. Neno hilo limekwisha kuzoeleka na litumike.

Sasa tuingie katika breki zenyewe. Ndege nyingi za abiria huwa na breki katika magurudumu makuu tu, yale ya chini ya mabawa na kiwiliwili. Gurudumu la pua aghalabu halina. Rubani ana pedali mbili. Akiisukuma pedali nzima mbele kwa mguu, anageuza usukani ulioko mkiani. (Msomaji wa pwani atafurahi kuona neno usukani likirejea kwenye asili yake, ubao wa nyuma ya chombo, baada ya kuzurura miaka mingi mikononi mwa madereva.) Lakini akikandamiza ncha ya juu ya pedali kwa vidole vya mguu, anafunga breki: pedali ya kushoto kwa magurudumu ya kushoto, ya kulia kwa ya kulia. Kwa hiyo “kanyaga pedali” haitoshi katika maandishi ya ndege, kwani haisemi ni kipi kati ya vitendo hivyo viwili. Tunashauri kusukuma pedali kwa usukani na kukanyaga breki kwa breki. Hata hivyo mfasiri aangalie asiliache “kanyaga” peke yake, maana katika lugha ya barabarani dereva anayeambiwa “Kanyaga!” huongeza mwendo.

Ndani ya gurudumu zimo sahani nyingi zilizopangwa bega kwa bega kama vyombo kabatini. Baadhi huzunguka pamoja na gurudumu, nyingine hazizunguki, na pistoni zinapozibana pamoja gurudumu hupungua mwendo. Zamani sahani hizo zilikuwa za chuma. Concorde, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1976, ilitangulia kutumia za kaboni, na leo kaboni imeenea. Maneno ya gereji kama breki shuu hayafai hapa, kwa sababu kifaa chenyewe hakimo. Vivyo hivyo “mafuta ya breki”. Katika ndege nyingi pistoni husukumwa na mafuta yenye mgandamizo mkubwa, lakini katika Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza yake mwaka 2018, kazi hiyo hufanywa na mota za umeme. Mfasiri aliyezoea kuandika “mafuta ya breki yamevuja” kila anapokutana na breki mbovu ataandika uongo juu ya ndege hiyo.

Liko jambo moja ambalo mtu wa barabarani halitarajii. Injini za jeti zikiachwa katika nguvu ya chini kabisa bado husukuma, na ndege nyepesi huweza kuongeza kasi yenyewe bila rubani kufanya lolote. Kwa hiyo breki hazingoji kutua. Hufanya kazi tangu ndege ilipoondoka kwenye maegesho. Marubani wa Airbus A320 hufundishwa wasiweke miguu kwenye breki muda wote, bali penye njia iliyonyooka waiache ndege ifike karibu kilomita 55 kwa saa, kisha wafunge breki mara moja kwa ulaini mpaka kilomita 18 hivi, waachie tena. Sababu ni kwamba kaboni huliwa zaidi na wingi wa mara inazofungwa kuliko na ukali wa kila mara. Nao mwendo una hesabu yake: mwendo ukizidi mara tatu, nguvu ambayo breki hulazimika kuimeza na kuigeuza joto huzidi mara tisa.

Sasa neno shika. Mtu apite gereji yoyote asikilize. Fundi aliyemaliza kazi humwuliza dereva, “Inashika?” Dereva hujibu, “Inashika,” na wote wawili hufurahi. Siku ya pili fundi yule yule atasema, “Gurudumu la nyuma kushoto linashika,” na safari hii anataja ubovu: breki haiachii, rimu imepata joto, gari linakula mafuta bure. Hawapotezani, kwa sababu gari liko mbele yao na sauti ya msemaji inaeleza kama ni sifa au lawama. Karatasi haina sauti. “Breki ikishika wakati ndege inatambaa” yaweza kusomwa kuwa breki imefanya kazi yake, na katika hali hiyo hakuna la kuuarifu mnara. Au kuwa imekataa kuachia, na katika hali hiyo ndege hiyo isiruke.

Neno kinyume chake nalo halina nafuu. “Breki imeachia” ni habari njema kwa fundi aliyekuwa akihangaika na breki iliyoganda, na ni habari mbaya kuliko zote kwa abiria wa basi linaloshuka Kitonga. Tena magazeti yetu yametuzoesha “kufeli breki”, na kwa lori lililo kwenye mteremko neno hilo latosha, kwa kuwa huko namna moja tu ya kufeli ndiyo yenye kuua. Kwa ndege neno hilo halisemi kitu. Breki isiyoshika na breki isiyoachia zote zimefeli, ilhali dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Tumependekeza basi kwamba kushika kubaki na maana yake njema peke yake. Breki isiyofanya kazi iitwe breki isiyoshika, na hali yenyewe breki kutoshika. Ile inayokataa kuachia iitwe breki inayong'ang'ania. Kung'ang'ania ni neno ambalo kila mtoto analijua, nalo daima lina lawama ndani yake; hakuna anayesifiwa kwa kung'ang'ania kitu ambacho alipaswa kukiachia. Kwa hali ya tatu, ambapo upande mmoja hushika kuliko mwingine na ndege ikakengeuka, mafundi wanalo tayari neno zuri, kuvuta upande, na hatuna sababu ya kulibuni upya.

Tutazame breki kutoshika, tuone jinsi neno moja linavyoweza kuharibu utaratibu mzima. Rubani wa ndege inayotambaa akikanyaga breki asione itiko, kwanza anahakikisha injini ziko katika nguvu ya chini. Hazimi injini zote papo hapo, maana injini ndizo huendesha pampu za mgandamizo, na kuzizima ni kujinyima hata kile kidogo kilichobaki. Katika A320 utaratibu unaofuata hukaririwa kwa moyo. Rubani hutumia msukumo wa kinyume wa injini, ingawa karibu na maegesho yenye watu huo hupeperusha vumbi na changarawe, hivyo hauchukuliwi kwa wepesi. Kisha huondoa miguu kwenye pedali. Huzima swichi ya kizuia mtelezo. Hukanyaga tena kwa kiasi, akiangalia kipimo cha mgandamizo kisivuke kikomo. Bado kukiwa kimya, hutumia breki ya maegesho, kwa kuifunga na kuifungua kwa vipindi vifupi vifupi.

Hatua ya kuondoa miguu humshangaza mtu asiyejua. Ndege haisimami, nawe unamwambia rubani aondoe miguu kwenye breki! Sababu ni kwamba kizuia mtelezo ndicho hupunguza mgandamizo pale gurudumu linapotaka kuganda likaburuzwa. Kikizimwa huku miguu imekandamiza pedali mpaka mwisho, mgandamizo wote huingia kwa mkupuo, magurudumu huganda na matairi huweza kupasuka. Katika rasimu moja tuliyopata kuiona, hatua hii iliandikwa “achia breki”. Msomaji angeweza kudhani kwamba ni breki ya maegesho inayofunguliwa, au kwamba kinatajwa kitendo cha breki yenyewe. Iandikwe “ondoa miguu kwenye pedali”. Ni maneno manne badala ya mawili, na hatuyaonei uchungu hayo mawili ya ziada.

Hapa pana mazoea mengine ya barabarani ya kuchunga, nayo ni kupampu. Dereva wa lori ambaye breki zake zimelegea hukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, na mara nyingi humsaidia. Lakini pampu za ndege zikiwa zimekufa, breki huendeshwa kwa akiba iliyowekwa katika chombo tulichokiita kilimbikizi, na akiba hiyo huhesabika: katika A320 hutosha kufunga breki kikamilifu mara saba hivi. Kila pampu ni kibaba kinachotoka ghalani. Ndiyo maana marubani wa Boeing 737 wanaobaki na kilimbikizi peke yake huagizwa wakanyage kwa mkandamizo mmoja unaoongezeka taratibu, wasipampu. Mfasiri akiweka “pampu breki” kwa kuwa ndivyo alivyosikia gereji, atakuwa amemwagiza rubani amwage akiba yake.

Breki inayong'ang'ania haina kishindo, na ndiyo sababu ni ya hatari zaidi. Ndege inatambaa, pengine inadai nguvu kidogo zaidi ya kawaida, na ndani ya gurudumu moja sahani zinasuguana bila mtu kujua. Tarehe 31 Machi 1986 ndege aina ya Boeing 727 ya shirika la Mexicana iliruka kutoka jiji la Mexico. Breki ya gurudumu moja kuu la kushoto ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na tairi lake lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Gurudumu likiwa limekwisha kukunjwa ndani ya tumbo la ndege, joto liliendelea kupanda mpaka tairi likalipuka, likakata mabomba na nyaya, moto ukazuka. Watu wote 167 walikufa. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru matumizi ya naitrojeni, ambayo haisaidii kitu kuwaka, katika matairi ya ndege kubwa za abiria.

Mfano huo unatufikisha kwenye neno la pili. Kwa Kiswahili, maji ya kuogea ni ya moto, chai ni ya moto, na nyumba inayoteketea nayo ina moto. Nyumbani hatuna taabu nalo. Lakini mwelekezaji anapopiga simu kusema “magurudumu yana moto”, askari wa zimamoto hajui kama anaitwa kwenye joto au kwenye mwali, na vitendo vyake katika hali hizo mbili havifanani. Penye mwali huuzima bila kukawia. Penye joto tupu, hukaa mbali akiwa tayari na kuliacha gurudumu lipoe kwa hewa, kwa kuwa maji ya baridi yakimiminwa kwa mkupuo juu ya chuma chenye joto kali huweza kukipasua. Askari aliyeambiwa “moto” atakuja na maji.

Mtu asidhani kwamba joto ni jambo dogo kwa kuwa halina mwali. Asubuhi ya tarehe 4 Septemba 1963 kiwanja cha Zürich, Uswisi, kilifunikwa na ukungu. Rubani wa ndege ya Swissair aina ya Caravelle aliiendesha kwenye barabara ya kuruka akitumia nguvu nyingi za injini huku breki zikiizuia, ili auone ukungu ulivyo na joto la injini liutawanye. Kisha akarudi mwanzo wa barabara na kuruka. Breki zilikuwa zimepata joto kupita kiasi. Rimu ya gurudumu moja la kushoto ilipasuka, na vipande vyake viliokotwa baadaye barabarani. Magurudumu yalikunjwa ndani yakiwa katika hali hiyo, uharibifu ukafika kwenye mabomba, na moto ukaenea. Ndege ilianguka Dürrenäsch dakika chache baada ya kuruka. Walikufa watu 80, na 43 kati yao walikuwa wakazi wa kijiji kimoja kidogo kiitwacho Humlikon. Hitilafu ilianza kama joto, wakati wa kutambaa, ikaishia kuwa moto hewani. Lugha inayoziita hatua hizo mbili kwa jina moja haiwezi kueleza kwamba kulikuwa na nafasi ya kuzuia ya pili katika ya kwanza.

Leo ndege nyingi zina vipimo vya joto la breki. Katika A320, feni za kupoza zikiwa hazizunguki, rubani haruhusiwi kuruka mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 300 za Selsiasi, maana mafuta ya mgandamizo yakidondokea sahani zenye joto zaidi ya hapo huweza kuwaka. Na jambo hili likumbukwe na kila afasiriye “mpaka yapoe”: ndege ikishasimama, joto la sahani huendelea kusambaa kwenye rimu na tairi kwa dakika kadhaa. Gurudumu lililosimama sasa hivi huenda bado linaelekea kwenye kilele chake. Tumependekeza breki zenye joto la hatari kwa hali isiyo na mwali, na gurudumu linalowaka moto kwa hali yenye mwali. Neno moto lisitumike kabisa kwa ile ya kwanza.

Lilibaki kando. Rasimu yetu tulikwenda kuisoma pamoja na watu watakaoitumia, katika kituo kimoja cha zimamoto cha uwanja wa ndege. Nilipofika kwenye “wakae kando ya magurudumu”, mzee mmoja, sajini aliyekaribia kustaafu, aliinua mkono. “Samahani, ndugu afisa,” alisema. “Kando ipi?” Nilimjibu kwamba maana yake ni kukaa mbali, kujitenga. Akachukua kifuniko cha sufuria akakisimamisha mezani kama gurudumu, akaweka kiberiti ubavuni pake, pale linapotazama upande. “Kando ya gurudumu ni hapa,” akasema. “Na rimu ikipasuka, inakwenda hapa.” Akakipiga kiberiti kwa kidole kikaanguka chini.

Sikuwa na hoja. Rimu na vifungio vyake vikivunjika, vipande hurushwa hasa kuelekea ubavuni, kwa kufuata mstari wa ekseli. Kwa hiyo anayelazimika kulisogelea gurudumu lenye joto la hatari hulijia kutoka mbele au kutoka nyuma, upande ambao tairi linazungukia, wala hasimami ubavuni. Neno la Kiingereza lililokuwa katika matini ya asili lilimaanisha kujiepusha. Mfasiri aliligeuza kuwa kando, na kando kwetu ni kujiepusha katika “kaa kando”, lakini ni kuwa karibu kabisa katika “kando ya mto” na “kando ya barabara”. Kiunganishi ya ndicho kilichoigeuza maana. Kwa herufi mbili tu, watumishi wangepangwa mstari mahali pabaya kuliko pote. Pembeni ina ugonjwa ule ule. Kwa maandishi ya usalama tunashauri maneno yanayotaja mwelekeo waziwazi: mbali na, mbele ya, nyuma ya, ubavuni mwa.

Juu ya breki ya maegesho tutasema machache. Wengi huiita “breki ya mkono” kwa kuifuata motokaa, na jina hilo lingevumilika, kwa kuwa kweli hufungwa kwa mkono. Tulilikataa kwa sababu linaficha kazi yake. Breki hiyo imewekwa kwa ajili ya ndege iliyoegeshwa, injini zikiwa zimezimwa au ziko katika nguvu ya chini. Haikuahidiwa kuzuia zaidi ya hapo. Tarehe 15 Novemba 2007 huko Toulouse, Ufaransa, Airbus A340-600 ilikuwa ikijaribiwa injini zake zote nne kwa nguvu kubwa, breki ya maegesho ikiwa imefungwa bila kitu chochote kuwekwa mbele ya magurudumu. Ndege ilianza kwenda, ikaparamia ukuta wa kuzuia upepo wa injini sekunde chache baadaye. Kulikuwa na watu tisa ndani, na baadhi yao waliumia.

Kitu ambacho hakikuwekwa kina jina kwetu tangu zamani. Utingo wa lori hutumia jiwe au kipande cha gogo, lakini seremala ana neno lililo sahihi, kabari, nalo tumelichukua: kuweka kabari na kuondoa kabari. Breki zikiwa na joto la hatari, breki ya maegesho aghalabu haiachwi imefungwa. Ndege husimamishwa kwa kabari. Hata hivyo kuweka kabari ni kulisogelea gurudumu, kwa hiyo agizo hilo lisiandikwe bila kuandika pia njia ya kusogelea.

Baada ya mashauriano, sentensi mbili za ukurasa wa saba zimekuwa nne, nazo zitachapwa hivi: “Breki ikiwa haishiki, au inang'ang'ania, wakati ndege inatambaa, rubani ataarifu mnara ni ipi kati ya hali hizo mbili. Endapo breki zina joto la hatari lakini hakuna mwali, watumishi wote waende mbali na ndege, na askari wa zimamoto wasimwage maji juu ya magurudumu. Endapo gurudumu linawaka moto, zimamoto wauzime mara moja. Yeyote anayelazimika kulisogelea gurudumu alijie kutoka mbele au nyuma ya tairi, asisimame kamwe ubavuni mwake.” Mfasiri alilalamika kidogo kwamba maneno yamekuwa mengi. Sajini hakulalamika.

Dhana moja imetushinda mpaka sasa. Katika rimu za ndege hutiwa vizibo vidogo vya madini laini, ambavyo joto likizidi huyeyuka na kuiachia naitrojeni itoke polepole kabla tairi halijapasuka. Kamati iliandika “kizibo cha kuyeyuka”, lakini walimu wawili walipinga kwamba hilo linaeleza kinavyokufa badala ya kinachofanya. Sajini, alipoulizwa, alisema kwamba wao hukiita filimbi, kwa sababu ya mlio wa hewa inapotoka. Na kwamba akisikia filimbi hupumua, maana ajua tairi halitapasuka tena. Neno ni zuri, ila waelekezaji wa ndege nao wana filimbi zao shingoni, na hatukutaka kuongeza jozi nyingine ya maneno yanayochanganyika. Katika orodha yetu nafasi hiyo ingali tupu, na msomaji mwenye neno atuletee.